Siku Injini ya Khocha Ilipokunywa Molasi

Wastaafu wengi huandika wakiwa na mvi. Mimi naandika nikiwa na chunusi, nyuma ya daftari la Jiografia, na mwalimu wa zamu anadhani nachora mito ya Ulaya. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na nimestaafu kazi ya boti baada ya kuitumikia likizo tano. Usicheke, wewe wa kidato cha kwanza. Kuna mwalimu wa Hesabu alikuja hapa na hakumaliza hata muhula.

Nimesikia Khocha anatafuta mtu wa kumsaidia Agosti, na nyinyi mnaotoka upande wa mto mmeanza kuigombania hiyo nafasi kama paja la ingokho, la kuku. Sawa. Kabla hamjatoana meno, kaeni niwaambie habari za ile injini, na za siku iliyonistaafisha.

Khocha wangu, ndugu wa mama, anaitwa Shiundu. Alitengeneza injini za boti kule ziwani miaka mingi, hata sasa akikusalimia mkono wake unanuka petroli. Mimi ni mtoto wa Amalemba, mtaa wa mjini, mtoto wa lami, lakini kila shule ikifungwa mama alinifungia nguo kwenye mfuko na kunipeleka kwa kukhu, bibi yangu, kando ya mto Nzoia, ili, kwa maneno yake, nipunguze mdomo. Mdomo haukupungua. Ulipata tu maji mengi ya kuchezea.

Mnajua mambo ya miwa yalivyo sasa. Kila mtu amepanda. Watu wameng'oa ndizi wakapanda miwa, wameng'oa mihogo wakapanda miwa, na jirani ya kukhu amepanda hadi mlangoni, mgeni akija inabidi apige hodi kwenye majani. Ardhi ilipokwisha upande huu, wakavuka mto. Ng'ambo kuna ulimi wa ardhi tambarare ambapo Nzoia inakunja kama mkono, ndiyo maana panaitwa Kiwiko. Mbele ni mto, nyuma ni kinamasi. Wazee wa zamani walipaachia ng'ombe wachungwe wakati wa kiangazi, basi. Walikuwa na sababu, lakini nani anauliza sababu wakati matrekta yanapiga foleni hadi barabarani? Daraja la miti lilipobebwa na maji, wakulima wakachanga, wakanunua boti ya mbao kutoka ziwani pamoja na injini ya nguvu farasi tisa ambayo tayari ilikuwa na wajukuu. Khocha akaja nayo kama mahari.

Injini ile ilikuwa ngumu kuwaka. Haikuwa mbovu, ilikuwa na tabia. Khocha alinifundisha kwamba injini ikikataa inauliza maswali matatu tu: nimekula? Nina moto? Napumua? Mafuta, cheche, hewa. Ukianza kufungua skrubu kabla ya kuyajibu hayo, wewe ni fundi wa kubomoa.

Habari ya moto nilifundishwa siku ya kwanza. Aliniambia nishike kichwa cha waya wa plagi nione kama una joto. Nikashika. Yeye akavuta kamba. Nilijikuta nimekaa ndani ya maji hadi kifuani, meno yakipiga ngoma.

"Sasa umejua moto iko," akasema Khocha, bila kucheka. "Swali hiro usiurize tena."

Wiki iliyofuata niliwafundisha binamu zangu wawili kwa njia hiyo hiyo. Elimu ni kupokezana.

Hewa nayo nilijifunza mbele ya mchungaji. Kwenye kifuniko cha tangi la mafuta kuna skrubu ndogo ya kuingiza hewa. Ukiifunga tangi linajinyonga: injini inawaka, inakwenda kidogo, inakufa. Mimi niliifunga nikasahau, tukafia katikati ya mto na mchungaji ameketi mbele amekumbatia Biblia. Akaanza kuomba kwa sauti. Khocha akamwambia, kwa heshima zote, amwombee huyu mtoto akumbuke kifuniko. Nikafungua, tangi likavuta pumzi, mvuto wa pili ikawaka. Jumapili mchungaji alitoa ushuhuda wa injini iliyofufuka kwa maombi. Sikumpinga. Tuliiacha mbingu ichukue sifa ya skrubu.

Ukivuta sana choki, ile ya kubana hewa ya kuwashia, injini inalewa mafuta. Utaisikia harufu. Usiipampie mafuta tena, rudisha choki ndani, fungua mkono wa mafuta wote, vuta mara kadhaa hivyo hivyo, halafu iache ipumzike utafune muwa. Na hakikisha iko kwenye nyutro, maana mimi nimewahi kuiwasha ikiwa kwenye gia, boti ikatoka na Khocha akabaki ukingoni ameshika kamba ya kufungia kama mtu aliyenyang'anywa mbuzi.

Mambo hayo yote niliyajua kufikia Aprili iliyopita. Nilijiona fundi. Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa hakuna kichekesho cha maana.

Kukhu ana ng'ombe aliyenunuliwa sokoni Lubao, mnyama mwenye maringo. Hali majani makavu mpaka umnyunyizie molasi, ule uji mweusi mtamu unaobaki kiwandani sukari ikishatolewa. Molasi iko kila mahali kwetu. Inamwagika kutoka kwenye magari hadi nzi wanateleza, wengine wanaipa ng'ombe, wengine wanaipikia vinywaji ambavyo chifu anavitafuta. Alhamisi hiyo kukhu alinituma molasi na mtungi wake ulikuwa umepasuka. Nikaona mtungi wa petroli wa boti uko mtupu, umelala juani. Nikauchukua. Nikaleta molasi, nikaimwaga kwenye pipa la kukhu, nikausuuza ule mtungi mara mbili kwa maji baridi ya mto, nikaurudisha mahali pake umeinamishwa. Niliona raha kabisa kwamba ng'ombe na injini sasa wanakunywa kwenye kikombe kimoja. Nilipanga kumwambia Khocha siku moja, akiwa na furaha.

Jioni akaujaza petroli na oili yake bila kuchungulia ndani. Kwa nini achungulie?

Kiwiko nako walikuwa wameshachoma shamba. Nyinyi mnajua, miwa ya kwetu mingine huchomwa kwanza majani yaishe ndipo ikatwe, na ikishachomwa haingoji mtu. Kila siku inayopita inapungua utamu na uzito. Kwa hivyo Ijumaa asubuhi, ingawa maji yalikuwa yamebadilika rangi, wakataji saba walivuka. Msimamizi wao alikuwa Rasto, mtu mwenye sauti ya kuweza kuita trekta likasimama. Na mke wa Khocha, Auntie Agneta, alikuwa miongoni mwao, panga lake limefungwa kwa kitambaa. Tuliwavusha kwa mafuta yaliyokuwa yamebaki kwenye tangi. Injini iliimba vizuri tu. Tuliporudi nikajaza tangi kutoka kwenye ule mtungi, nikaenda kulala kwenye kivuli cha trela.

Saa sita hivi jua lilikuwa kali kabisa, wala tone la mvua. Lakini mvua ya Nzoia hainyeshi kwetu, inanyesha milimani huko juu kisha inatumwa. Niliamshwa na sauti ya Rasto kutoka ng'ambo.

"Wee wa Amalemba! Mnaangaria nini? Hii maji imeingia shambani!"

Nikatazama. Mistari ya chini ya miwa ilikuwa ndani ya maji. Huku nyuma yao kinamasi kilikuwa kinameta mahali ambapo asubuhi palikuwa na nyasi. Kiwiko kilikuwa kinageuka kisiwa.

Tukaingia botini. Khocha akapampu lile yai la mpira lililo kwenye paipu ya mafuta mpaka likawa gumu, akatoa choki, akavuta. Injini ikawaka, ikakohoa, ikanguruma pumzi tatu, ikafa. Akavuta tena. Kimya. Tena. Kimya.

Mimi nilikuwa mbele nikishikilia nguzo ya ukingoni. Nilijua. Nawaambia ukweli, sikuhitaji mvuto wa nne. 

Na nikanyamaza.

Khocha aliuliza maswali yake matatu kwa utaratibu. Akaangalia skrubu ya hewa: iko wazi. Akashika yai la mpira: gumu. Kwa kawaida yai likiwa gumu maana yake mafuta yamefika, kwa hivyo swali la chakula akaliweka kando, akaenda kwenye moto. Hapo ndipo yai lile lilipotudanganya, na nyinyi mlikumbuke: huwa gumu mafuta yakifika, na huwa gumu pia njia ikiziba mbele. Akatoa plagi, akaisugua, akaijaribu. Cheche ya buluu, safi. Akairudisha. Akavuta mara kumi, mara kumi na tano. Damu ikaanza kutoka penye vidole.

Ng'ambo Rasto alikuwa bado anatutania. Aliuliza kama hiyo ni injini au ni mbuzi wa kukamua. Alimwambia Khocha aitishe mahari yake irudishwe. Wenzake walicheka, na mimi nikatamani waendelee kucheka hivyo hivyo mpaka mtu mwingine agundue.

Huenda unauliza kwa nini tusipige kasia. Mto ulikuwa unabeba magogo. Chini kidogo ya kivuko kuna mabaki ya lile daraja, miti iliyochongoka kama meno ya mamba, na boti isiyo na nguvu ingepelekwa huko moja kwa moja. Khocha aliutazama mto mara moja tu, akarudi kwenye kamba.

Wakataji walisogea kutoka kwenye mistari ya chini. Wakapanda juu ya miwa waliyokuwa wamekata, rundo lile refu la kungojea kuvushwa, watu saba wamesimama juu ya miwa kama kuku kwenye kichanja. Maji yakalifikia rundo. Mti mmoja wa muwa ukachomoka chini ukaja unaelea, ukapita mbele yetu taratibu. Kisha mwingine.

Rasto akanyamaza.

Mtu kama Rasto akinyamaza, mto wote unasikika. Nilimwona Auntie Agneta ameinua mkono, hapungi, ameuinua tu juu, kama mtoto darasani anayesubiri kuulizwa.

Khocha akatoa plagi mara ya pili. Akaigusa kwa ulimi. Akaniangalia.

"Plagi ni kavu," akasema. "Nimevuta hivi vyote na plagi ni kavu. Mafuta inaishia wapi?"

Hakuwa ananiuliza mimi. Alikuwa anaiuliza injini, alivyozoea. Lakini injini haina mdomo na mimi ninao, mkubwa, unajulikana mpaka shuleni.

"Khocha," nikasema, "nilibeba molasi kwa ule mtungi. Ya ng'ombe wa kukhu. Jana."

Aliniangalia mara moja.

"Ungesema kwa mvuto wa kwanza," akasema. Basi. Hakunipiga. Angenipiga ingekuwa nafuu, lakini mikono yake ilikuwa tayari inafungua kifuniko cha injini.

Chujio dogo la mafuta lilikuwa limejaa kitu cheusi, kizito, kinachovutika kama gamu. Khocha akalizamisha kwenye petroli na kulisugua kwa brashi, ndivyo anavyosafisha kila kitu. Molasi ikamtazama tu. Akasugua tena. Haikutoka hata chembe. Uso wake ulianza kubadilika, kwa sababu katika miaka yake yote ziwani petroli ilikuwa haijawahi kushindwa na uchafu.

Hapo ndipo upumbavu wangu ulipopata kazi. Mimi ndiye niliyeosha lile pipa la ng'ombe likizo tano mfululizo. Molasi haiogopi petroli, haiogopi mafuta ya taa, haiogopi majivu wala kusugua. Inaogopa maji ya moto. Nikamwambia. Akaniambia kimbia.

Juu ya ukingo kuna mama anayepikia madereva wa matrekta. Sufuria yake ya maji ya obusuma, ugali wetu, ilikuwa inachemka, unga bado. Sikuomba. Niliitoa motoni viganja vyangu vimefunikwa kwa magunia, naye akanifuata akinilaani kwa majina ya ukoo wangu wote, mpaka alipofika ukingoni akaona watu juu ya miwa. Akashika upande mmoja wa sufuria.

Tulimwaga ndani ya chujio, ndani ya paipu, ndani ya kikombe kidogo cha chini ya kabureta. Ikayeyuka mara moja, ikatoka rangi ya chai, na harufu tamu ikajaa kivuko kana kwamba kuna arusi. Tundu la kupitishia mafuta kwenye kabureta Khocha alilizibua kwa uzi mmoja wa brashi ya waya. Kisha akaosha vyote kwa petroli safi kuondoa maji, maana maji nayo ni adui, na mimi nikapuliza paipu mpaka nikaona nyota.

Petroli safi tuliipata wapi? Pikipiki ya mkaguzi wa mashamba ilikuwa imeegeshwa chini ya mti na mwenyewe hayupo. Nilitia mpira tangini nikanyonya. Nilikunywa funda moja zima. Kwa siku mbili baadaye nilikuwa nikibeua naogopa jiko. Tukaiweka kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia wa yule mama, tukaongeza oili kidogo, tukaingiza paipu humo, lile tangi letu tukalitupa nyasini.

Khocha akashika kamba. Kiganja hakikuweza kukunjika. Akanitazama akanyoosha kile kishikio kwangu.

Nilivuta. Kimya. Nikavuta. Ikakohoa. Nikavuta na kila kitu nilichokula tangu nizaliwe, ikawaka, na Khocha akaiacha ingurume mpaka moshi wake ukawa mweupe, ndipo akatia gia.

Hatukuizima tena. Tulipofika kwenye rundo miwa ilikuwa inatoka chini ya miguu yao, mmoja mmoja. Khocha alishikilia pua ya boti dhidi ya maji, mimi nikawavuta wanne. Auntie Agneta alikataa kuingia kwanza. Tulirudi mara ya pili rundo limekuwa nusu, watu watatu wameshikana viuno. Rasto aliingia wa mwisho. Alipoinua mguu, mahali alipokuwa amesimama palifunguka na miwa yote ikaondoka, kazi yao yote ya asubuhi inaelea kuelekea kwenye meno ya lile daraja.

Ukingoni yule mama alirudisha sufuria motoni akapika chai. Watu walikaa wanatetemeka juani. Baada ya kikombe kimoja Rasto alipata sauti yake, akauliza ile injini ilikuwa na nini.

Khocha alikuwa anafunga kiganja kwa kitambaa cha panga la mkewe. "Mafuta ilikuwa chafu," akasema, akiangalia kitambaa.  Aliniachia nafasi, na angeniachia hata maisha yote kama nisingeitumia.

Nikasema ni mimi. Nikasema nilibeba molasi kwenye mtungi wa petroli, na nilijua tangu mwanzo, na nilinyamaza wakati Khocha anavuta.

Wakacheka. Kweli walicheka, mpaka Rasto akamwaga chai, akasema huyu mtoto wa Amalemba hata siku ya kifo anatania. Mnaelewa? Nilikuwa nimewatania watu hao likizo tano. Niliwahi kumwambia Rasto trekta limejifungua. Nikarudia maneno yale yale, wakacheka zaidi. Nikarudia mara ya tatu, na Auntie Agneta akamgeukia mumewe ili wacheke pamoja, akakuta Khocha hacheki.

Kicheko kiliisha mmoja mmoja. Wa mwisho kunyamaza alikuwa Rasto. Hakunitukana. Aliweka kikombe chini, akaangalia ng'ambo, mahali ambapo Kiwiko kilikuwa, kisha akaniangalia mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliniita kwa jina langu. Aliuliza, polepole, kama mtu anayetaka kweli kujua, "Ulikuwa unangoja nini?"

 Jibu lake nimelitafuta muhula huu wote.

Khocha hakunifukuza. Jumatatu aliniita kama kawaida, mtungi mpya mkononi. Nilimwambia nimestaafu. Kwa hivyo nafasi iko wazi, na mmoja wenu ataipata. Yale maswali matatu ya injini, Khocha atakufundisha mwenyewe. Lakini Khocha akishika kamba, nawe unajua jambo lolote, hata dogo, hata la aibu, hata ukiwa huna hakika, liseme hapo hapo, mkono wake haujavuta. Ng'ambo daima kuna mtu aliyeinua mkono.